Njia ya kutoka darasani hadi kliniki: daktari wa macho wa Kitale

Makala za historia katika magazeti ya vyama vya Kiswahili huwa ni za masultani, wasafiri na wapigania uhuru. Safari hii tumeona tuandike juu ya mtu wa aina nyingine kabisa: daktari wa macho wa mji mdogo. Jina lake ni Dkt. Hillary Rono, na mji wake ni Kitale, magharibi mwa Kenya. Hakuna vita wala mkataba katika habari hii. Kuna watoto walioshindwa kusoma ubao, na swali moja lililohitaji mtu wa pale pale ili lijibiwe.

Kwanza tuweke maneno sawa. Kwa mazoea, kila anayetuangalia jicho tunamwita daktari wa macho, lakini kazi zenyewe ni zaidi ya moja. Yuko daktari bingwa, aliyesomea udaktari kisha macho, naye ndiye anayepasua mtoto wa jicho. Yuko mpima macho, ambaye hupima uwezo wa kuona na kuandika namba za miwani. Kwa Kenya, taaluma hiyo hufundishwa kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega. Tena Kenya ina matabibu wa macho, ambao si mabingwa lakini ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kazi mikoani. Hapa Doha kazi hizi zimetengana: mpima macho yuko katika duka la miwani ndani ya jengo la maduka, bingwa yuko hospitali. Katika mji mdogo huwezi kuzitenganisha hivyo. Rono ni daktari bingwa, lakini kazi iliyomtambulisha duniani inahusu jambo la mpima macho, yaani nani haoni vizuri, na atafikaje kwa mtu wa kumpima.

Kitale ni makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, karibu na Mlima Elgon. Reli ilifika hapo mwaka 1926, wakati nchi ile ilipokuwa ya mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu. Baada ya uhuru wa 1963 sehemu kubwa ya mashamba hayo ilipita mikononi mwa Wakenya, na hadi leo Trans Nzoia inajulikana kwa mahindi. Tangu 2013, chini ya Katiba ya 2010, huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Lakini mgonjwa hajui mpaka wa kaunti. Hospitali ya Kitale hupokea watu wa Pokot Magharibi na Turkana pia, nchi kavu za wafugaji upande wa kaskazini. Huko ndiko iliko trakoma, ugonjwa wa bakteria unaosambazwa na mikono, nguo na nzi. Mtu akiambukizwa tena na tena, kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho mpaka linapofuka. Rono amefanya kazi ya kupambana na trakoma katika maeneo hayo ya wafugaji, kabla hata jina lake halijahusishwa na simu za mkononi.

Upasuaji una sifa yake. Mzee anaingia akiongozwa kwa mkono, anapasuliwa mtoto wa jicho, kesho yake kitambaa kinafunguliwa na anamtambua mjukuu wake. Kambi za macho zimejengwa juu ya furaha hiyo: madaktari wanakuja kwa wiki moja, wanapasua watu wengi, wanaondoka. Ni kazi njema. Lakini miwani haina siku ya kufunguliwa kitambaa. Mtoto aliyezaliwa na macho yasiyoona mbali hajui kwamba haoni, maana hajawahi kuona vingine. Hamwambii mwalimu, naye mwalimu anamwona mzito wa kuelewa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake ya kwanza juu ya uwezo wa kuona. Ilikadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana upungufu wa kuona wa karibu au wa mbali, na kwamba kwa angalau bilioni 1 kati yao tatizo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Wengi katika bilioni hiyo hawahitaji kisu. Wanahitaji miwani.

Chombo cha kuwatambua ni cha zamani. Mwaka 1862 Herman Snellen, daktari wa macho wa Utrecht, Uholanzi, alitoa chati ya herufi zinazopungua ukubwa mstari kwa mstari. Baadaye ikapatikana chati yenye herufi moja tu, E, iliyogeuzwa juu, chini, kulia na kushoto. Mtoto haambiwi asome. Anaonyesha kwa kidole upande ambao miguu ya E imeelekea. Kwa hiyo hata asiyejua kusoma hupimika, katika lugha yoyote. Mwalimu akifundishwa kidogo anaweza kuitumia. Akimwona mtoto mwenye shida, anamwandikia barua ya kwenda hospitali, na mtoto anampelekea mzazi.

Sasa tuhamie Nakuru kwa muda. Miaka ya mwanzo ya 2010, daktari wa macho Mwingereza, Andrew Bastawrous, alikuwa huko akifanya utafiti, akihama na kliniki ya muda kutoka kijiji hadi kijiji na mzigo wa mashine za bei kubwa. Aliona kwamba mahali pasipo na umeme wala barabara nzuri, mtandao wa simu ulikuwepo. Yeye na wenzake wakatengeneza programu ya simu iitwayo Peek, inayoonyesha herufi ile ile E kwenye kioo cha simu, nao wakailinganisha na chati za kawaida. Bastawrous amesimulia hadharani kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtoto asiyeona vizuri, na kwamba aliyemwokoa ni kipimo cha macho na miwani.

Programu ikifanya kazi si kwamba mtoto amepona. Swali la Kitale lilikuwa jingine: baada ya kugunduliwa, mtoto anafika hospitali? Mwaka 2015 Rono aliongoza jaribio katika shule 50 za msingi za Trans Nzoia, na matokeo yakachapishwa 2018 katika jarida la Lancet Global Health. Shule ziligawanywa kwa kura. Katika shule 25, walimu walitumia kadi ya E na barua ya karatasi, kama ilivyozoeleka. Katika shule 25 nyingine walitumia simu. Huko mzazi alipelekewa picha iliyotiwa ukungu, kumwonyesha jinsi mwanawe anavyoona, na ujumbe mfupi wa simu wa kumkumbusha. Watoto waliopimwa kwa jumla walizidi 20,000.

Kwa upande wa kadi na barua, watoto 366 walionekana kuwa na shida, na waliofika hospitali ni 82, yaani asilimia 22. Kwa upande wa simu walionekana 531, wakafika 285, yaani asilimia 54.

Tulipozijadili takwimu hizi katika chama tuligawanyika. Baadhi yetu walisema hii ni habari ya teknolojia, na kwamba Rono ni mtumiaji tu wa chombo kilichoanzia kwingine. Wengine, nao ndio walioshinda kalamu ya makala hii, walisema tuziangalie tena namba. Kwa njia ya zamani, katika kila watoto 100 waliogunduliwa, 78 hawakufika. Daktari aliyekaa kliniki hawezi kuwajua hao. Daftari la hospitali huandika jina la aliyeingia mlangoni. Asiyeingia hana mstari. Daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi, foleni imejaa kila asubuhi, akaamini kwamba anawahudumia watu wa wilaya yake, kumbe anawahudumia waliofika tu. Jaribio la Trans Nzoia liliwahesabu wasiofika, na hapo ndipo tunapoiona thamani yake. Simu ilisaidia kuwatambua watoto, lakini kilichomtoa mzazi nyumbani ni kitu kingine: aliona kwa macho yake mwenyewe kile asichokiona mwanawe, kisha akakumbushwa. Barua ya karatasi ilimtaka aamini. Picha ilimwonyesha.

Jambo la pili ni kwamba hata katika kundi lililofanya vizuri, watoto 246 hawakufika. Ukijumlisha makundi yote mawili ni watoto 530 waliojulikana kwa jina na shule, lakini hawakufika kliniki kwa rufaa hiyo. Ujumbe wa simu haulipi nauli. Mzazi aliye katika msimu wa kupalilia akienda mjini anapoteza siku ya kazi. Na mtoto akishapewa miwani, darasani anaitwa macho manne, anaivua na kuificha kwenye mkoba.

Rono hakuishia shuleni. Akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine, aliongoza jaribio jingine huko huko Trans Nzoia, lililochapishwa 2021 katika Lancet Digital Health. Safari hii wahudumu wa afya wa jamii walipita nyumba kwa nyumba na simu iliyowasaidia kuamua nani apelekwe mbele. Katika maeneo yaliyotumia mpango huo, kiwango cha watu wenye shida za macho waliofika kuonwa kilikuwa karibu mara tatu ya kile cha maeneo mengine. Swali lilikuwa lile lile la shule, limehamishiwa kwa watu wazima: ni nani hajafika, na kwa nini?

Kwa maoni yetu, hili ndilo linalomtofautisha daktari mwenyeji na daktari mgeni. Mgeni huhesabu aliowatibu, kwa sababu ana wiki moja. Mwenyeji ana nafasi ya kuwahesabu wasiofika, kwa sababu kesho atakuwepo, na mtoto asiyekuja leo huenda akaja miaka mingi baadaye akiwa mtu mzima aliyeacha shule. Wala hatusemi kwamba mgeni hana kazi. Peek yenyewe ni kazi ya wageni na wenyeji pamoja. Ila bila mtu wa Kitale, herufi E ingebaki kwenye kioo cha simu.

Mwezi Julai 2021 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lake la kwanza kuhusu uwezo wa kuona, likihimiza nchi zote zifikishe huduma ya macho kwa watu wote. Maazimio ya namna hiyo hupitishwa New York, lakini hutekelezwa katika miji ya ukubwa wa Kitale, na watu wachache ambao majina yao hayaandikwi katika vitabu vya historia.

Hapa Qatar anayeomba leseni ya udereva hupimwa macho kwanza. Kwa hiyo ndugu zetu wengi wanaoendesha magari katika jiji hili wanazo namba za macho yao. Watoto waliowaacha nyumbani huenda hawana. Tunapopiga simu nyumbani huwa tunauliza habari za mvua, za shule, za karo. Tungependa wanachama waongeze swali moja: mtoto amepimwa macho? Na jibu likiwa ni ndiyo, na kwamba alipewa barua ya kwenda hospitali, basi liulizwe na la pili: alifika?