Mpiga piano aliyefukuzwa Kuba

Mwaka 2025 ilitimia miaka 150 tangu Wahispania wamfukuze mpiga piano na mtunzi Ignacio Cervantes kutoka Kuba. Nje ya kisiwa hicho, sikusikia aliyekumbuka.

Alizaliwa Havana mwaka 1847, akafundishwa na Nicolás Ruiz Espadero, kisha akaenda Paris. Huko alitwaa tuzo ya kwanza ya piano mwaka 1866, lakini shindano la Prix de Rome alifungiwa mlango kwa kuwa si Mfaransa. Akarudi kwao mwaka 1870.

Alikuta vita. Tangu 1868 Wakuba walikuwa wameshika silaha kudai uhuru kutoka kwa Hispania. Mwaka 1875 Cervantes na José White, mpiga fidla kutoka Matanzas, mtoto wa Mfaransa na mama mweusi wa Kuba, walizunguka kisiwani wakifanya matamasha. Watu walilipa kiingilio, wakapiga makofi, na fedha zikaenda kimyakimya kwa wapiganaji. Siri ikavuja. Inasimuliwa kwamba gavana mkuu aliwaita, akawaambia anajua fedha zinaishia wapi na kwamba kilichowaokoa ni umaarufu wao tu. Waondoke! Alipomuuliza Cervantes anakwenda wapi, akajibiwa: Marekani, maana ndiko karibu zaidi na Kuba, na huko ataendelea na kazi ileile. Hayo akiyasema mbele ya mtu mwenye uwezo wa kumpeleka kwenye kikosi cha risasi.

Safari hiyo ndiyo inayohusishwa na “Adiós a Cuba”, mojawapo ya danza zake, yaani vipande vya piano vyenye mdundo wa dansi. Danza hizo, arobaini hivi, ni fupi mno. Nyingi huisha kabla chai haijapoa. Mtunzi Manuel Saumell alishatangulia kuufungua mtindo huo, ila Cervantes aliuandikia zaidi masikio ya msikilizaji kuliko miguu ya mchezaji. Mkono wa kulia unaimba kama sebuleni Paris. Wa kushoto unadunda mapigo yenye asili ya Afrika. Mwandishi Alejo Carpentier, katika historia yake ya muziki wa Kuba ya mwaka 1946, alimweka juu ya wanamuziki wote wa kisiwa hicho wa karne ya 19. Nakubaliana naye, na kumwita “Chopin wa Kuba” naona ni kumpunja.

Cervantes alirudi Kuba 1879, akaondoka tena vita ilipozuka upya 1895, akafia Havana mwaka 1905. Binti yake María, naye mpiga piano na mwimbaji, aliishi hadi 1981. Walimu wa piano wa Nairobi na Dar es Salaam wangempa mwanafunzi mmoja tu danza ya Cervantes “Los tres golpes” badala ya valsi nyingine ya Ulaya, ingetosha kuanzia.