Mlima Elgon: Bunduki Zilinyamaza, Chebyuk Ikabaki

Machi 2008, siku chache baada ya Mwai Kibaki na Raila Odinga kutia saini mkataba wa amani jijini Nairobi, serikali ilituma jeshi Mlima Elgon katika Operesheni Okoa Maisha. Kundi la Sabaot Land Defence Force lilikuwa limetawala vijiji kwa karibu miaka miwili: likitoza kodi, likihukumu watu na kuwakata masikio waliolipinga. Kwa makadirio ya Human Rights Watch, lilikuwa limeua zaidi ya watu 600. Mei mwaka huohuo kamanda wake, Wycliffe Matakwei, aliuawa, na kundi likasambaratika. Kwa hesabu ya kijeshi, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini kifo cha kamanda ni kipimo kibovu cha kuamua kwamba vita vimekwisha na askari waondoke.

Vita hivi havikuzaliwa na Matakwei. Mzizi wake ni skimu ya makazi ya Chebyuk, iliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka Chepkitale, juu mlimani. Mashamba yakagawanywa, ugawaji ukafutwa, yakagawanywa upya, na kila awamu ikaacha waliopata na waliofukuzwa. Awamu ya tatu ndiyo iliyowapa vijana sababu ya kushika bunduki. Mwanajeshi angeweza kuzinyang'anya bunduki hizo, ila hati ya shamba hakuwa nayo mfukoni.

Wapo watakaosema dawa ya moto ni moto: polisi walikuwa wameshindwa, na jeshi lilipofika wananchi wakaanza kulala tena. Ni kweli, na anayeipuuza kweli hiyo anawadharau waliozika jamaa zao kabla ya Machi. Hata hivyo, dawa yenyewe ilichoma. Maelfu ya wanaume walikusanywa, wengi wakapelekwa kambi ya Kapkota kuchujwa, na mashirika ya haki yakaandika juu ya mateso na watu waliotoweka. Mjane asiyejua mumewe yuko wapi hawezi kumzika, na kurithi shamba lake ni kazi ngumu. Hivyo operesheni iliongeza fundo jipya juu ya lile la zamani.

Wengine watajibu kwamba kugawa ardhi si kazi ya jeshi. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Tazama vita vya Mau Mau: Oktoba 1956 Waingereza walimkamata kiongozi wake, Dedan Kimathi, na mwezi uliofuata wakaliondoa jeshi katika mapigano ya msituni. Hali ya Hatari ikaendelea hadi 1960, na suala la ardhi likaishi kuliko ukoloni wenyewe. Kama bunduki haigawi ardhi, basi ratiba ya kuondoka haiwezi kupangwa na makamanda peke yao. Ofisi ya ardhi, mahakama na polisi wanaoaminika lazima wawe tayari kupokea kazi.

Mwaka 2022 mahakama ya Bungoma iliamua kwamba Chepkitale ni ardhi ya jamii ya Ogiek. Miaka 14 baada ya operesheni, jaji aligusa kwa kalamu jambo ambalo helikopta hazikuweza kulifikia. Kalamu hiyo ingetangulia, huenda Kapkota ingebaki uwanja mtupu.