Tanzania: Tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini na mzigo wa kufika kliniki kila siku

Tanzania ilianza kutoa tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini mwezi Februari mwaka 2011, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam. Baadaye huduma hiyo ilifikishwa katika hospitali za Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar, Dodoma, Mbeya, Mwanza na kwingineko. Kenya ilifuata mwishoni mwa mwaka 2014, kwa kuanzia Hospitali ya Mathari mjini Nairobi.

Heroini, ijulikanayo mitaani kwa jina la "unga", kwa miongo kadhaa imekuwa ikitoka zaidi Afghanistan na kuvushwa kwa majahazi katika Bahari ya Hindi hadi pwani ya Afrika Mashariki. Sehemu kubwa husafirishwa kwenda mbali, lakini kiasi hubaki. Awali vijana waliivuta pamoja na tumbaku au bangi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 iliingia heroini nyeupe, inayoyeyuka majini kwa urahisi, na kujidunga kukaenea. Kuchangia sindano kumesababisha maambukizi ya virusi vya UKIMWI miongoni mwa wanaojidunga kuzidi mara kadhaa yale ya watu wazima kwa jumla.

Nguvu ya heroini huisha baada ya saa chache. Ndipo mraibu hupatwa na arosto: maumivu ya mwili, kutapika, kuharisha na kukosa usingizi. Ili kuikwepa, hutafuta fedha mara kadhaa kwa siku, huku masomo na kazi vikiachwa. Methadoni, dawa ya maji inywewayo mara moja kwa siku, hufanya kazi kwa saa 24 au zaidi. Ikitolewa kwa kipimo sahihi, huzuia arosto bila kumlewesha mgonjwa. Kwa sababu hiyo, madai kwamba kijana amehamishwa tu kutoka ulevi mmoja hadi mwingine hayana msingi: anayeitumia huweza kufanya kazi, kulala nyumbani na kutibiwa maradhi mengine.

Dawa hiyo hutolewa bila malipo, ila kanuni yake ya msingi ni kunywewa mbele ya mhudumu, zikiwamo siku za Jumapili na sikukuu. Kwa kijana asiye na kipato, nauli ya kila siku huwa ndiyo gharama halisi ya tiba. Aliyepata kibarua kinachoanza alfajiri hulazimika kuchagua kati ya kazi na dawa. Wanawake, ambao ni wachache kliniki, hubeba pia malezi ya watoto na aibu ya kutambuliwa.

Kukatisha tiba kuna hatari. Mgonjwa akikosa dawa siku kadhaa mfululizo, mwili hupoteza uzoefu wake, na kipimo hushushwa kisha kupandishwa tena taratibu. Akirudia heroini kwa kiasi cha zamani, anaweza kuacha kupumua na kufa. Hatari huongezeka akichanganya na pombe au dawa za usingizi.

Kwa hiyo anayetarajia kusafiri, hasa kuvuka mpaka, hushauriwa kuiarifu kliniki mapema ili ijulikane kama kuna kituo kingine kitakachompokea. Familia nayo huweza kuokoa maisha kwa jambo dogo: kuhakikisha nauli ya kesho ipo.