Kikohozi cha Alfajiri Mlimani

Zama za Land Rover, iliyodhihirishwa mwaka 1948, na za Peugeot 404 iliyoifuata mwaka 1960, mafundi wa Meru na Embu, walioamkia umande wa Mlima Kenya, hasa katika baridi ya Julai, walitambua kwamba injini inayomisi alfajiri kisha ikatengemaa ipatapo moto, aghalabu ina unyevu ndani ya kifuniko cha distribyuta au plagi zilizochakaa, na cheche dhaifu hushindwa kuwasha, kwani petroli baridi haigeuki mvuke kwa wepesi. Fundi alichomoa nyaya za plagi, mmoja baada ya mwingine, akisikiliza: silinda ambayo waya wake ukitolewa mlio haubadiliki, hiyo ndiyo yenye ila. Huo, kwa rai yangu, ulikuwa utabibu kamili. Kifuniko kilipanguswa kwa kitambaa kikavu, plagi zikasuguliwa masizi, injini ikawashwa tena.