Spencer: Jina Lililotoka Dukani

Canonbury, kaskazini mwa London, pana mnara wa matofali wenye kisa chake. Bwana William Compton, wanasema, alijifanya mchukuzi wa mikate akamtorosha Elizabeth, mtoto pekee wa tajiri Sir John Spencer, ndani ya kapu la mwokaji. Baba akasusa. Mjukuu alipozaliwa, Malkia Elizabeth wa Kwanza akamwomba mzee asimamie ubatizo wa kichanga asichokijua; naye akampa jina lake, kisha akagundua kwamba somo yake ni damu yake.

Kisa kitamu, na waongoza wageni wabaki nacho. Mimi kinanikera, maana kinamgeuza Elizabeth mzigo wa kubebwa. La hakika ni kwamba mwaka 1599 Sir John, mfanyabiashara wa nguo aliyechaguliwa Meya wa London mwaka 1594, alitiwa gereza la Fleet kwa kumficha bintiye na kumtesa asiolewe na Compton. Alipofariki mwaka 1610, watu walikisia mali yake: wengine pauni 300,000, wengine hadi 800,000.

Na ipo barua ambayo wanahistoria wa siasa huipita kama kichekesho. Elizabeth anamwandikia mumewe, kwa upole wote, orodha ya anayoyataka: posho yake ya mwaka, farasi watatu wa kupanda yeye, asiwepo wa kuthubutu kuwaazima, magauni 20, na sita kati yake yawe mazuri hasa, madeni ya mume yalipwe. Tena, akishakuwa Earl, amwongezee pauni 1,000. (Uearl ulikuja mwaka 1618.) Huyu si mtu wa kutiwa kapuni. Alijua fedha ni za nani.

Ndiyo maana mwanawe aliitwa Spencer: vyeo vilishuka kwa wanaume, jina likaja na mali ya mama. Spencer huyo, Earl wa pili wa Northampton, aliuawa vitani Hopton Heath mwaka 1643 akimpigania mfalme. Mjukuu wake, Spencer Compton, alipewa nafasi ya kumng'oa waziri mkuu Robert Walpole mwaka 1727; akaambiwa aandike hotuba ya mfalme, akaenda kumwomba Walpole huyohuyo amwandikie! Uwaziri mkuu aliupata mwaka 1742, amechoka.

Spencer Perceval, waziri mkuu aliyepigwa risasi bungeni tarehe 11 Mei 1812, hukumbukwa kwa kifo chake tu. Jina alilipata kwa mama yake, Catherine Compton. Naye Spencer Compton Cavendish, Duke wa nane wa Devonshire, aliyeukataa uwaziri mkuu mara tatu, alilirithi kupitia mama mzazi wa babu yake. Bibi huyo naye aliitwa Elizabeth Compton, na aliingia kwa akina Cavendish mwaka 1782 na ardhi za Eastbourne mkononi.