Jino Lililorudia Nyumbani

Wandugu wanachama na wafadhili, juu ya nini Lumumba hatutoki kichwani? Waliomuua Katanga tarehe 17/01/1961 waliyeyusha mwili wake katika asidi, ili asikuwe na kaburi. Mwezi wa 6 mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha jino lake moja. Lilipitishwa Kisangani na Lubumbashi mbele ya kuzikwa Kinshasa. Naye alirudia kama sisi, amechelewa, tena hakutimia.

Lakini usiku ule waliuawa pia Maurice Mpolo na Joseph Okito. Watoto wetu wangapi wanajua majina hayo?

Sisi pia tuliacha wafu wetu kambini na njiani. Mkutano ujao, kila familia ilete majina yao, tuyaandike. Asiye na kaburi, jina njo kaburi yake.