Maji Maji: Historia iliyotoka vinywani mwa wazee

Kwa muda mrefu, historia ya Vita vya Maji Maji (1905-1907) ilitegemea zaidi taarifa za watawala wa Kijerumani. Mwaka 1968, wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee na kuandika masimulizi yao.

Baadaye wanahistoria waligeukia maisha ya kila siku. Mwaka 1997, Thaddeus Sunseri alihusisha kuzuka kwa vita hivyo huko Uzaramo na njaa, nguruwe mwitu walioharibu mashamba, na mivutano baina ya wanawake na wanaume.

Mashuhuda hao hawapo tena. Masimulizi ya 1968 hayawezi kukusanywa upya. Mtafiti wa leo hana budi kuyalinganisha na nyaraka, kwani kumbukumbu nayo hubadilika.